Kufilisi na Kuburai: Uhakiki wa Istilahi za Mdaiwa Aliyeelemewa

Tangu yalipopitishwa, mapema mwaka 2021, marekebisho ya sheria ya Tanzania yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, meza za wafasiri zimejaa maandishi ambayo kabla ya hapo yalisomwa kwa Kiingereza na watu wachache. Zanzibar ina Baraza lake la Wawakilishi na sheria zake, lakini istilahi haitambui mkondo wa bahari: neno likishaingia katika hati ya Dar es Salaam halichukui muda kufika Vuga na Mwanakwerekwe, na la Unguja nalo huvuka vivyo hivyo. Nyingi katika sheria hizo hazina taabu kubwa ya maneno. Ardhi, ndoa, mirathi, mkataba na jinai ni mambo ambayo Kiswahili kimeyasema mahakamani na misikitini kwa karne nyingi. Liko kundi moja, hata hivyo, ambalo twaona limetafsiriwa kwa haraka, na madhara ya haraka hiyo humwangukia mtu asiye na wakili. Ni kundi la sheria zinazomhusu mtu aliyeshindwa kulipa madeni yake.

Neno lililotwikwa mzigo wote wa sheria hizo ni ufilisi. Kwa neno hilo hilo wafasiri wetu husema hali ya mtu ambaye madeni yake yamezidi mali yake. Husema kitendo cha mahakama kumtangaza kuwa katika hali hiyo. Husema kazi ya kukusanya mali yake na kuwagawia wanaomdai. Na mwisho, pasipo na neno jingine, husema utaratibu mzima ambao lengo lake moja kubwa ni kumtoa mtu yule katika madeni ili aanze upya. Mambo manne yamekaa chini ya dari moja. Mfano ulio wazi kwa kila mtu ni jina la Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, chombo cha serikali kilichoanzishwa mwaka 2006 na kinachojulikana zaidi kwa kifupi cha jina lake la Kiingereza, RITA. Kwa Kiingereza neno la katikati la jina hilo ni hali: ni kutokuwa na uwezo wa kulipa. Kwa Kiswahili msomaji wa kawaida hulisikia kama kitendo, tena kitendo cha kutendewa. Haulizi "Nikielemewa nitasaidiwa nini hapo?" Huuliza "Nitachukuliwa nini?"

Hatumlaumu msomaji huyo, kwani amelisoma neno kama lugha yake ilivyomfundisha. Kamusi zetu, kuanzia ile ya Johnson ya mwaka 1939 hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, zinakubaliana kwamba kufilisi ni kutwaa mali ya mtu kwa sababu ya deni. Kitenzi hiki kina mtendaji mwenye nguvu na mtendwa asiye nayo. Kauli yake ya kutendeka, kufilisika, imelegea kidogo: mtu husema kafilisika hata pasipo mahakama, kwa maana ya kuishiwa, na vijana husema kafilisika akili au kafilisika maneno. Na muflisi, nomino ya mtu, ina habari zaidi ya hizo.

Shina la neno hili katika Kiarabu ni la sarafu ndogo ya shaba, ile iliyotupatia pia fulusi, jina la pesa linalotumiwa zaidi kwa mzaha siku hizi. Muflisi ni mtu aliyefikia kubaki na shaba baada ya kuwa na fedha. Picha hiyo ni ya huruma zaidi kuliko ile ya Kiitaliano, banca rotta, ambayo yasemekana ilizaa neno la Kiingereza: benchi la mfanyabiashara wa fedha lililovunjwa vipande ili kila mtu sokoni ajue. Lakini neno muflisi lilipofika kwetu halikuja na sarafu tu. Kila mtoto aliyepita chuoni Unguja ameisikia hadithi ya Mtume alipowauliza masahaba wake nani muflisi, nao wakasema ni yule asiye na dirhamu wala bidhaa, naye akawaeleza kwamba muflisi ni yule atakayekuja Siku ya Kiama na sala zake na saumu zake, huku akiwa amewatukana na kuwadhulumu watu, wakagawana mema yake mpaka yakamwishia. Kwa hiyo muflisi katika sikio la Mzanzibari ni mtu aliyedhulumu. Karani anapomwita mama wa Kitogani kwa jina hilo, kwa kuwa biashara yake ya mwani imekufa na mkopo umebaki, amemwita jina zito kuliko alivyokusudia yeye au sheria.

Si hisia za watu peke yake zinazodhurika. Tuchukue Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Ibara yake ya 99 inamzuia kugombea ubunge mtu aliyetangazwa kuwa muflisi na ambaye bado hajatolewa katika hali hiyo. Maneno yenye uzito hapo ni hayo ya mwisho: bado hajatolewa. Mtu aliyetangazwa, akatii masharti, muda ukapita na mahakama au sheria yenyewe ikamfungua, ni raia kama raia wengine na hakuna kinachomzuia. Mfasiri asiye na istilahi maalumu ya kule kufunguliwa ana njia mbili. Ama aandike sentensi ndefu ya maelezo kila mara jambo hili linapotokea, na katika sheria hutokea mara nyingi sana. Ama akate na kuandika "mtu aliyefilisika". Akikata, amewafungia mlango wa siasa, na wa ukurugenzi wa makampuni, watu wote waliowahi kufilisika maishani mwao hata kama walikwisha kufunguliwa miaka ishirini iliyopita. Pengo la neno moja limegeuka adhabu ya maisha.

Itasemwa kwamba neno la Kiingereza nalo lilianza likiwa la adhabu tupu, na kwamba ni mwanzoni mwa karne ya 18 tu Waingereza walipoanza kumwachilia mfanyabiashara aliyetoa mali yake yote kwa uaminifu. Basi na liachwe ufilisi likue taratibu kama lile lilivyokua. Hoja hii ina ukweli nusu. Neno la Kiingereza halikunyooshwa mpaka likafunika maana mpya. Waliitafutia maana mpya neno lake, wakaliweka pembeni mwa lile la zamani, na tangu hapo mwanasheria wao huyataja mawili hayo kama mtu atajavyo kuingia na kutoka. Sisi tunalo la kuingia tu.

Wala si mara ya kwanza kwa Unguja kuumizwa na jina la deni. Katika karne ya 19 na nusu ya kwanza ya karne ya 20 mashamba mengi ya mikarafuu yalikuwa yamefungwa kwa madeni, na njia mojawapo iliyotumika sana ilikuwa bei ya khiyari. Mwenye shamba humuuzia mkopeshaji shamba lake kwa sharti kwamba ana hiari ya kulinunua tena kwa bei ile ile katika muda uliowekwa. Na katika muda huo hubaki shambani kama mpangaji, akilipa ijara. Kwa namna hiyo riba, iliyoharamishwa, haikutajwa mahali popote. Rahani ni jambo jingine: aliyeweka rahani bado ni mwenye mali, na aliyepokea anashikilia tu. Katika bei ya khiyari mali imekwisha kuuzwa, na anayeitwa mdaiwa ni mtu mwenye hiari ambayo siku yake ikipita haipo tena. Mtu aliyetia saini hati moja akidhani ni nyingine alipoteza shamba, na watu waliozitafsiri zote mbili kwa neno moja la Kiingereza walimsaidia kulipoteza.

Bei ya karafuu ilipoanguka katika mdororo wa dunia wa miaka ya 1930, serikali ya himaya ilitunga mwaka 1934 sheria kadhaa, miongoni mwao za kuwadhibiti wakopeshaji na za kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamie mikononi mwa wengine, na kwa muda ikasimamishwa kazi ya kuuza mashamba kwa ajili ya madeni. Wafanyabiashara wa Kihindi walipinga. Serikali ya India ikamtuma K. P. S. Menon mwaka huo huo kuja kuchunguza. Na mwaka 1937, ilipotungwa sheria ya kuutia ununuzi wa karafuu chini ya Chama cha Wakulima wa Karafuu, ulifuata mgomo wa kutonunua karafuu hapa na Bombay mpaka yakafikiwa mapatano mwaka 1938, na pamoja na mapatano hayo ikaja sheria ya kusuluhisha madeni ya ardhi. Haya yote yaliandikwa kwa Kiingereza. Mwenye mikarafuu kumi na mbili aliyesimama mbele ya karani alihitaji kujua jambo moja tu: je, deni lake limefutwa, au limesogezwa mbele? Lilikuwa limesogezwa mbele. Nasi hatuoni ajabu kama wako waliorudi majumbani wakiamini limefutwa. Mapinduzi ya mwaka 1964 na ugawaji wa eka tatu tatu ulioanza mwaka 1965 ulizifunika hesabu hizo za mashamba makubwa, lakini swali la yule mtu mbele ya karani halikufunikwa.

Twalikuta leo, kwa sura nyingine, katika vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani. Nchi hiyo ya kusini na mashariki ya Unguja, yenye maweni na udongo haba, haikuwa nchi ya mikarafuu. Watu wake wameishi kwa uvuvi, kilimo cha juu ya mawe, kuni, makaa na chokaa, na baadaye mwani na utalii. Msitu ulipokuwa ukielekea kufanywa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, jambo lililokamilika mwaka 2004, ilionekana kwamba mtu hawezi kuambiwa aache kukata kuni pasipo kupata njia nyingine ya fedha. Shirika la CARE, lililokuwa likishirikiana na idara ya misitu, lilileta utaratibu wa vikundi vya kuweka na kukopa uliokuwa umeanzishwa na wanawake wa Maradi nchini Niger kuanzia mwaka 1991. Vikundi vya Jozani vilikusanyika chini ya jumuiya iliyoitwa JOSACA. Na msaada wa mradi ulipokwisha mwaka 2002 havikufa, bali viliongezeka, watu wakifundishana wao kwa wao, mpaka vikasambaa mbali na msitu. Kwa mwanaistilahi habari hii ina utamu wake: mradi uliondoka, maneno yakabaki.

Na maneno yenyewe ni mazuri. Hisa, sanduku, kufuli tatu na washika funguo watatu, mfuko wa jamii, mgao. Hakuna hata moja linalohitaji kuelezwa mara mbili. Neno riba peke yake ndilo linalokwepwa, kwa sababu zinazojulikana, na badala yake husikika ziada au ada. Wanachama hujieleza kwamba ziada hiyo haimwendei mkopeshaji bali huwarudia wao wenyewe siku ya mgao. Mafakihi na wabishane juu ya hilo, sisi hatumo.

Tutazame sasa yanayomfika mwanachama aliyeelemewa. Tuchukue mfano wa mtu aliyenunua kwa mwaka hisa 40 za shilingi 2,000, yaani shilingi 80,000. Alikopa 150,000, kwani kikundi humruhusu mtu hadi mara tatu ya hisa zake, akafungua genge la mboga. Mtoto akaugua, genge likafungwa, na siku ya mgao amebakiwa na deni la 90,000. Hesabu ya hisa zake pamoja na faida ya mwaka imefika 96,000. Kikundi hakipigi mnada kitanda chake. Humkata deni kwenye hisa, humpa shilingi 6,000 zilizosalia, na sanduku likifunguliwa kwa mwaka mpya anaweza kuanza tena na hisa moja kama wengine.

Je, mtu huyu amefilisiwa? Kwa mujibu wa kamusi, ndiyo: mali yake imetwaliwa kwa ajili ya deni. Lakini saa ile ile alipokatwa ndipo alipoachiliwa. Anarudi nyumbani hadaiwi, na hana jina. Ukikaa na vikundi hivi utasikia vitenzi vitatu vikitumiwa kwa maana zilizopambanuka kabisa. Kumsubiri mtu ni kumwongezea muda, deni likiwa pale pale. Kumkata ni kulipa deni kwa hisa zake. Kumwachia ni kuacha kumdai kilichobaki, jambo lisilotokea mara nyingi, na likitokea huamuliwa na kikao kizima. Wanakijiji wanatenganisha mambo matatu ambayo tafsiri zetu za sheria zimeyatia katika chungu kimoja, na wametenganisha kwa sababu fedha ni zao.

Wanaotafsiri kwa ajili ya mashirika hupenda kukiita kila kimoja kati ya vitatu hivyo msamaha wa deni. Neno hili lilipata nguvu miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati madeni ya nje ya nchi maskini yalipojadiliwa duniani na Tanzania ikapunguziwa yake mwaka 2001. Katika habari za mataifa halikuleta madhara makubwa. Likishushwa nyumbani lina kasoro mbili. Kwanza, husamehewa aliyekosa, na mtu aliyeshindwa kulipa kwa maradhi, kwa ukame au kwa bei ya mwani kuanguka hakukosa. Pili, msamaha ni hisani ya mwenye haki, ambaye angeweza kukataa. Ilhali katika sheria mdaiwa aliyetimiza masharti hufunguliwa hata kama wanaomdai wamenuna. Mtu anayeambiwa aombe msamaha hataenda mahakamani kudai haki. Atakwenda kwa mkopeshaji kupiga magoti, na tunajua majibu atakayoyapata huko.

Kiswahili kina neno linalostahili kazi hii, nalo ni kuburai. Limo katika kamusi, kwa maana ya kuacha dai na kumfungua mtu deni. Watu wazima wa pwani hulitumia, ingawa vijana hulisikia zaidi kuliko kulisema. Asili yake ni Kiarabu, katika shina la kutakasika na kuwa huru na jambo. Halimtii mtu hatiani. Lina kauli zote tunazozihitaji: mahakama humburai mdaiwa, mdaiwa huburaiwa, muflisi aliyeburaiwa na asiyeburaiwa hutengana kwa silabi moja, na ile ibara ya Katiba tuliyoitaja hapo juu huandikika kwa maneno machache yasiyo na utata. Na linakwenda na desturi ambayo kila Mzanzibari ameishuhudia: maiti akiwa hajazikwa, husimama mmoja katika jamaa akatangaza kwamba mwenye kumdai marehemu na awafuate wao. Maana ya tangazo hilo ni kumtafutia marehemu kuburaiwa, ama kwa kulipwa kilicho chake mwenye kudai, ama kwa kuachia kwa radhi yake. Hiyo ndiyo sababu deni hutangulia wasia na mirathi katika hesabu ya mali ya marehemu.

Kwa lile jambo la kusubiri twapendekeza muhula. Walimu watakuwa wa kwanza kutupinga, kwa kuwa neno hilo wamelikalia shuleni tangu zamani. Twawaomba watazame asili yake, ambayo ni kupewa nafasi na kutoharakishwa. Aya ya 280 ya Sura ya Al-Baqara inaamuru kwamba mdaiwa aliye katika dhiki angojwe mpaka apate wepesi, na inasema kumwachia kabisa ni bora zaidi. Ni mambo mawili hayo, na aya imeyataja kila moja mbali. Amri ya muhula, basi, iwe jina la amri ya mahakama au ya serikali inayosimamisha kudai kwa muda. Na lile lililofanyika Unguja mwaka 1934 lilikuwa muhula. Lau lingeitwa hivyo siku ile, karani angeeleweka.

Ufilisi wenyewe hatuupigi vita. Libaki kwa kazi moja: kukusanya mali ya mdaiwa, kuiuza na kugawa thamani yake. Mwenye kufanya kazi hiyo ni mfilisi, na neno hili limekwisha kukaa vizuri katika matangazo ya makampuni. Kwa ile hali ya madeni kuzidi mali twaona kuelemewa kunatosha. Ni neno la kila siku, linasemwa kwa mzigo wa kichwani na kwa gari la ng'ombe, halina harufu ya jela, na mtu hulisema juu ya nafsi yake pasipo haya: nimeelemewa. Watakaosema halina sura ya istilahi watukumbushe ni sura gani hiyo. Theluthi moja ya mshahara, ambayo mtumishi wa umma wa Bara hubakiziwa baada ya makato ya madeni, ni usemi wa kawaida kabisa, na hatujui istilahi ya fedha inayofahamika na kudaiwa na watumishi kwa ukali kuliko huo.

Maneno haya yajaribiwe mahali palipo pagumu. Kenya iliifuta sheria yake ya zamani kwa Sheria ya mwaka 2015, ambayo imechukua mengi kutoka sheria ya New Zealand ya mwaka 2006, na ndani yake mna mlango wa mtu maskini hasa: mwenye madeni yasiyopungua shilingi 100,000 za Kenya wala kuzidi milioni 4, asiye na mali ya kuuzwa wala kipato cha kulipia, na ambaye hajawahi kutangazwa muflisi. Mtu huyo hapitishwi katika ufilisi, kwa kuwa hakuna cha kufilisi. Hupewa miezi 12, kisha madeni hayo humwondokea. Tumeona maelezo ya Kiswahili yakimwita "mufilisi asiye na mali", ambayo ni kama kusema maji yenye unyevu, tena ni kinyume cha sheria, kwa kuwa faida yote ya njia hiyo ni kwamba hatangazwi muflisi. Kwa maneno yetu: aliyeelemewa asiye na mali hupewa muhula wa miezi 12 na kisha huburaiwa. Njia ya pili ya sheria hiyo, ambayo mdaiwa hulipa kidogo kidogo kwa miaka isiyozidi mitatu, au mitano kwa sababu maalumu, iitwe amri ya kulipa kwa mafungu. Na yule aliyepita ufilisi wenyewe huburaiwa miaka mitatu ikipita tangu alipotoa maelezo ya hali ya mali yake, isipokuwa pakiwa na pingamizi. Hatukuhitaji kuunda neno hata moja.

Ugumu uliobaki ni wa watu wawili wanaokabiliana. Mdai na mdaiwa ni wazi na viachwe. Mdeni kinayumba: wako wanaosema ni mwenye kudaiwa, wako wanaosema ni mwenye kudai, na tumeona hati moja ikilitumia kwa njia zote mbili katika ukurasa mmoja. Likwepwe katika sheria. Mwia na mwiwa ni maneno ya fasaha, tunayapenda, lakini herufi moja tu ndiyo inayomtenga anayedai na anayedaiwa, na kupiga chapa kwetu hakujafikia hadhi ya kukabidhiwa amana hiyo.

Kuhusu wakopeshaji, watu hawakutungoja. Mikopo ya kausha damu ni jina lililotoka mitaani Bara na likaingia mpaka bungeni, na hakuna kamati ambayo ingethubutu kulibuni. Linaeleza kila kitu: riba ya wiki, kadi ya benki iliyoshikwa rahani, vyombo vinavyobebwa mchana mbele ya majirani. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imekusudiwa kuwadhibiti watoaji wake. Tunalitaja kwa sababu linaonyesha ni upande gani wa deni lugha ya watu imekuwa ikifanya kazi. Aliyekaushwa damu ana neno la yaliyomfika. Akimwuliza karani ni mlango upi wa kutokea, karani hana la kumjibu ila ufilisi, na mtu yule akilisikia huondoka kimya.

Liko neno moja ambalo bado hatujaliamua. Miongoni mwa watu wanane wanaostahiki zaka wamo wenye madeni yaliyowashinda, na Kiarabu huwaita kwa neno lenye shina moja na gharama yetu. Chombo kinachoshughulikia zaka hapa, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kinahitaji jina la mtu huyo katika fomu, na "mwenye deni" ni pana mno kwa kuwa kila mwenye duka ana deni. Mgharimu hapafai: msomaji atadhani ni mwenye kugharimia karamu. Wasomaji wa Makunduchi, Tumbatu na Pemba, ambako maneno ya zamani ya deni huenda yamehifadhika zaidi kuliko mjini, tunawaomba watuletee walilonalo, pamoja na sentensi ambayo neno hilo lilisikika ndani yake.